Mwanao Bado Hajafika

Kuna mtu alinisikia nikisema uongo ndani ya duka langu pale Haydom, naye hakuwamo dukani.

Hakuwamo Haydom. Hakuwamo hata Tanzania.

Alikuwa kafungwa gerezani katika nchi ya mbali, na aliyoyasikia aliniandikia kwa mkono wake, neno kwa neno.

Nayaweka haya hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililitenda mbele za watu. Atakayenicheka na anicheke. Atakayenilaumu atanikuta nimekwisha mtangulia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Pangani, nikaletwa Mbulu kwa kazi nikiwa kijana, na Mola hakunipangia kurudi. Nilipostaafu nilifungua steshenari karibu na stendi ya Haydom, pale mabasi yanaposhusha wagonjwa na ndugu zao wenye vikapu na chupa za uji. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya kutoa kopi, na kamera ndogo iliyobanwa juu ya kioo.

Ukutani, kando ya kalenda ya msikiti, nilibandika karatasi niliyoiandika kwa wino mzito: HAPA BANDO HALILIWI.

Chanzo chake ni hiki. Siku moja nilikuwa namjazia mteja fomu ya mtandaoni, kivinjari kikaanza kujisasisha chenyewe, bila hodi. Bando langu la intaneti likakatika fomu ikiwa nusu. Mteja akaondoka ananung'unika, nami nikabaki na aibu.

Jioni ile nikaingia kwenye mipangilio. Nikakuta mistari miwili: kivinjari kijisakinishie masasisho chenyewe, au kiniulize kwanza.

Nikachagua kiniulize.

Tangu hapo kila kilipouliza, nilibonyeza "Baadaye".

Nilibonyeza "Baadaye" kwa miaka mitatu.

Nililionea fahari jambo hilo kuliko inavyompasa mtu mwenye mvi. Cyprian, muuguzi kijana aliyezoea kuja kuchapa ratiba za zamu, alikuwa akinitania.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii mashine bado haijaapdetiwa tu?"

"Marahaba. Haijaapdetiwa, na haijafa."

"Haya. Siku tovuti zikiigomea utanitafuta. Apdeti ni kama chanjo, Mwalimu."

"Chanjo ina sindano, mwanangu. Bando langu halitaki kudungwa."

Tukacheka sote. Laiti ningalimwuliza swali moja zaidi.

Mwezi wa pili, mvua za masika zikikaribia, akaja Marieta.

Marieta ni mwanamke wa kijiji cha Maretadu, mkulima wa maharage, wa miaka arobaini hivi. Baba yake, Mzee Bura, alikuwa amelazwa hospitali majuma matatu. Madaktari walikuwa wamemweleza kwa upole lile ambalo huelezwa kwa upole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anataka kurudi kufia nyumbani. Lakini kuna jambo moja analisubiri. Ni kaka yangu, Maximilian."

Akakaa kwenye benchi, akanieleza.

Miaka kumi na moja nyuma, Maximilian aliuza jozi ya maksai wa baba yake msimu wa kulima ukiwa umeanza, akatoroka kwenda ughaibuni kwa nauli hiyo. Kabla hajaondoka, Mzee Bura alimkuta kwenye lango la zizi. Walitazamana. Mzee akamwambia, "Popote utakapokaa usitulie."

Mama yao alikufa mwaka uliofuata. Maximilian hakuja kuzika.

Na kweli hakutulia. Nchi hii akafukuzwa, ile akaugua, ya tatu akakamatwa ndani ya gari lenye shehena ambayo aliijua au hakuijua. Mimi si kadhi. Akahukumiwa miaka saba. Maretadu hakuna aliyeshangaa. Walisema ni lile neno la zizini.

"Sasa baba anataka kulifungua," alisema Marieta. "Kwetu, kwenye ukoo wetu, mdomo uliofunga ndio unaofungua. Wanatazamana, mzee anasema, anapuliza maziwa kidogo, na mtoto anaitika. Asipoitika, bado limefungwa."

"Si ampigie simu?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema, 'Nilifunga akiniangalia usoni. Siwezi kufungua kisogoni.'"

Gereza lile liliruhusu ndugu kuonana na mfungwa kupitia ukurasa wa tovuti tu, kwenye kompyuta yenye kamera, kwa miadi, nusu saa kamili. Dakika ya thelathini ikitimia ukurasa unajifunga.

Niliiomba ile miadi kwa mkono wangu. Mahali pa anwani nikaweka sanduku langu la posta. Jibu likaja: Ijumaa, saa tisa alasiri kwa saa zetu. Nikamchapia Marieta ile barua pepe ya Kiingereza aende nayo.

Kesho yake alirudi nayo. Mstari mmoja ulikuwa umepigiwa penseli chini.

"Mwalimu, hapa wamesema tujaribu mashine siku moja kabla. Na kivinjari kiwe kipya."

Niliuona mstari. Nikadhani katekista wa kanisa lao ndiye aliyemsomea, maana mikono yake ilikuwa na udongo wa shamba, nami nikaipima elimu yake kwa mikono.

"Mwanangu, mashine hii haijaniangusha miaka yote. Wewe mlete mzee, mengine niachie."

"Sawa, Mwalimu."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa sweta.

Alhamisi kivinjari kiliniuliza tena. Nikabonyeza "Baadaye".

Ijumaa nilitoka msikitini nikaja moja kwa moja dukani. Saa tisa kasoro kumi ikaingia gari, Noah waliyoikodi. Mzee Bura alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, na baada ya miadi wangempeleka Maretadu moja kwa moja. Nyumbani kwake, bondeni, simu haishiki mtandao. Kwa hiyo ilikuwa ni leo, na hakukuwa na siku nyingine.

Walimshusha amefungwa blanketi mpaka kidevuni. Mtu mrefu aliyebaki mifupa na macho. Mapajani kashika kibuyu kidogo cha maziwa kilichozibwa kwa majani.

"Shikamoo, mzee wangu," nilimwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Watu wanasema bando lako halijapata meno ya kulila."

"Mzee, hata kuumwa haliumwi."

Akatabasamu. Nakumbuka kwamba alitabasamu.

Nilimweka mbele ya kioo. Marieta akasimama nyuma yake, mkono begani. Saa tisa juu ya alama nikafungua ukurasa, nikaingiza namba ya miadi. Taa ndogo ya kijani ya kamera ikawaka.

Kisha kioo kikawa cheusi, na katikati yakatokea maandishi mekundu kwa Kiingereza:

Kivinjari hiki ni cha zamani. Hakiwezi kuonyesha mazungumzo haya. Kisasishe, kisha uingie upya.

Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya kibodi.

Nikaamuru sasisho lianze. Miaka mitatu ya "Baadaye" ikaanza kushuka kupitia mtandao wa siku ya mawingu. Asilimia mbili. Asilimia mbili. Asilimia tatu.

"Mwalimu," alisema Mzee Bura, "mbona giza?"

"Inafunguka, mzee."

Dakika ya saba, asilimia kumi na moja. Nje dereva, Gidahosh, alipiga honi.

"Jamani, mvua hiyo kwenye mlima! Barabara ya Maretadu ikilowa tutalala njiani na mgonjwa!"

"Vumilia, kaka!" Marieta alimjibu bila kugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Dakika ya kumi na tano mzee aliuliza tena. Safari hii aliuliza kwa sauti ya mtoto anayesubiri nje ya mlango.

"Mwalimu. Mwanangu yuko wapi?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kunishika.

Jibu la kweli lilikuwepo, tena lilikuwa jepesi: Mashine yangu ndiyo mbovu, mzee; nilionywa nikapuuza. Ungalinigharimu nini ukweli ule? Karatasi moja ya ukutani. Mzaha wa Cyprian kwa juma zima.

Lakini nilimwona Marieta ananitazama. Nikamwona mzee aliyekuwa ametoka kunisifu. Ulimi uliokuwa bado na ladha ya sala ya Ijumaa ukasema:

"Mwanao bado hajafika."

Mzee Bura alishusha macho kwenye kibuyu.

Marieta aliondoa mkono begani mwa baba yake, akaurudisha. Nikadhani ni uchungu wa kumkosa kaka.

Dakika ya ishirini, asilimia arobaini na moja.

Mzee akasema kwa Kiiraqw, lugha niliyoishi nayo miaka mingi nikaishia kuielewa nusu. Nusu hiyo ilitosha.

"Hata kwenye kioo amenikataa."

Alishika kizibo cha majani cha kile kibuyu, akakigandamiza kwa kidole gumba kana kwamba anafunga mlango. Akampa Marieta.

"Kipeleke nyumbani. Kisimwagwe."

Dakika ya thelathini ukurasa ulijifunga wenyewe. Taa ya kijani ikazimika.

Tulimbeba mpaka kwenye gari. Alikuwa mwepesi kuliko blanketi lake. Mlango ulipokuwa unafungwa alinipa mkono.

"Asante, Mwalimu. Wewe ulifanya yako."

Robo saa baada ya Noah kuondoka, sasisho likakamilika. Kivinjari kikajizima, kikajiwasha, kikanipokea kwa maandishi ya rangi rangi: Karibu kwenye toleo jipya.

Mzee Bura alifariki Jumapili.

Nilikwenda mazikoni Maretadu. Nilisimama nyuma, karibu na uzio wa minyaa, nikasikia watu wakinong'onezana.

"Maximilian kaitwa kwa mtandao, hakutokea."

"Baba anakufa, hata kwenye kioo?"

"Huyo si mtu tena."

Sulle, mdogo wake marehemu, alisema mbele ya kaburi kwamba jina la kijana yule lisitajwe katika ukoo tena. Hakuna aliyepinga.

Mimi nilikuwa palepale. Nilikuwa na ulimi, meno thelathini na ushahidi wote.

Nilinyamaza.

Uongo wa kwanza niliutamka. Wa pili niliuchimbia kaburi pamoja na marehemu, nikapiga na koleo la udongo kama watu wengine.

Miezi miwili ikapita. Ndipo nikaikuta kwenye sanduku langu la posta bahasha yenye stempu nisiyoijua na mhuri wa gereza.

Nilidhani ni shukrani. Niliifungulia palepale posta, nimesimama.

"Shikamoo, Mwalimu," ilianza. "Jina lako silijui, ila sauti yako naijua. Mimi ni Maximilian mwana wa Bura.

"Ijumaa ile niliketi mbele ya kioo tangu kabla ya wakati. Saa ilipofika mlitokea wazi kabisa. Nilimwona baba na blanketi lake, na dada yangu nyuma yake. Niliona kalenda ya msikiti, na karatasi inayosema hapo bando haliliwi. Nilicheka, Mwalimu. Nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa sijasoma Kiswahili ukutani kwa miaka kumi na moja.

"Nilisema, Baba, shikamoo. Hakusikia. Nikasema tena. Nikamwona ananitazama machoni na hanioni.

"Nilimsikia akiuliza mwanangu yuko wapi. Nikakusikia ukijibu, mwanao bado hajafika.

"Nilipiga kioo kwa kiganja mpaka askari akanishika bega. Nilipiga kelele, Nimefika, baba, nimefika, mpaka wafungwa wa vyumba vya jirani wakanyamaza. Nilimsikia aliyoyasema baadaye kwa lugha yetu. Nilimwona akikiziba kibuyu. Nilijua ndani yake kuna nini.

"Sikuandikii kukulaumu. Mimi niliyeuza maksai wa baba nitamlaumu nani? Nimeambiwa amefariki. Dada yangu sijamwandikia bado, maana nimeona ni haki uanze wewe. Naomba jambo moja tu. Nenda Maretadu ukawaambie kwamba nilifika."

Sikumbuki nilivyotoka pale posta. Nakumbuka kwamba adhana ya adhuhuri iliadhiniwa nikashindwa kuingia msikitini. Niliketi kwenye ngazi nimeshika viatu vyangu.

Ile taa ya kijani! Niliiona ikiwaka. Kamera yetu ilikuwa ikipeleka sura zetu na sauti zetu, na kivinjari changu kikongwe kikashindwa tu kupokea za kwake. Aliyekuwa gizani ni sisi.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Maretadu.

Nilimkuta Marieta uani, anapura maharage kwa fimbo juu ya turubai. Sulle alikuwa kwenye kigoda, ananoa panga. Niliomba kusimama, nikakataliwa, nikapewa kiti na maziwa ya mgando kama mgeni wa heshima. Heshima ile iliniunguza kuliko tusi.

Nikawasomea barua, mwanzo hadi mwisho. Sikuruka mstari.

Panga la Sulle lilisimama juu ya jiwe.

"Kwa hiyo alifika," alisema.

"Alifika kabla ya saa."

"Na wewe ukamwambia kaka yangu hajafika."

"Nilimwambia hivyo, mzee wangu. Mashine ilikuwa yangu, uzembe ulikuwa wangu, na uongo ulikuwa wangu. Maximilian hana neno hapo."

Akaliweka panga chini. Nilitamani anipige.

"Mwalimu, mimi nilimfuta mtoto wa kaka yangu mbele ya kaburi kwa ajili ya neno lako. Jina nitalirudisha. Nitawaita watu walewale, pale pale." Akatema mate pembeni. "Lakini lile la zizini mimi siliwezi. Mdomo uliolifunga uko chini ya udongo."

Niliikunja barua, nikairudisha kwenye bahasha.

Marieta aliingia ndani, akatoka na kile kibuyu, bado kimezibwa kwa majani yaliyokauka. Akanipeleka kaburini. Nilipiga magoti kwenye udongo uliokuwa umeanza kuota nyasi, nikasema kwa sauti, nisione haya:

"Mzee Bura, mwanao alifika. Alikuamkia mara mbili. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Upepo haukujibu, wala sikustahili jibu. Tulimwombea dua, Marieta kwa imani yake na mimi kwa yangu.

Marieta alikizika kibuyu kichwani mwa kaburi, bila kukizibua.

Alinisindikiza mpaka njia panda ya basi. Karibu na barabara alisimama, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Mwalimu, nami nina langu."

"Sema, mwanangu."

"Yale maandishi mekundu niliyasoma."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilisoma mpaka kidato cha nne. Ule mstari wa penseli niliupiga mimi. Na siku ile niliyasoma yale maandishi kabla hujajibu. Nilijua ni mashine. Nilijua kaka huenda yuko."

"Marieta! Kwa nini hukusema?"

Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Macho yake yalikuwa macho ya baba yake.

"Ulikuwa umekwisha sema wewe."

Akaiachia ncha ya kanga.

"Wewe ni mtu mzima, Mwalimu. Ningekuumbuaje mbele ya baba? Baba mwenyewe angenigombeza. Nikasema moyoni, atasema sasa hivi. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka gari likaondoka. Halafu akafa, nikaona nikisema nitaambiwa, ulikuwa wapi?" Akajifuta uso kwa kanga. "Kila siku napura haya maharage najiuliza, nilikuwa wapi?"

Basi lilikuja. Sikulisimamisha. Tulikaa kando ya barabara, mzee na mtu wa umri wa bintiye, tukalia kila mmoja kilio chake.

Ile karatasi nimeibandua ukutani. Kivinjari nimekirudishia ruhusa yake, kinajisasisha chenyewe, na bando linaliwa. Na liliwe. Mwezi ujao Marieta ana miadi na kaka yake. Mashine nimekwisha ijaribu mara tatu, na atakuja siku moja kabla tuijaribu pamoja. Ameniambia atasoma yeye kila kitakachoandikwa kwenye kioo, kwa sauti, na mimi nimekubali.

Wewe uliyefika nami mpaka mstari huu, nakuachia mzigo wangu uwe na kazi. Kinga tahadhari yako isigeuke kiburi. Ukikosea, kiri kosa lingali dogo, maana la kwangu lilikuwa maneno matatu tu na halitoshi kaburi moja kulifukia. Na kama una mvi, wazoeze watoto wako kukukosoa mbele za watu, wasikuogope.

Mimi waliniheshimu. Na kwa heshima ile, mtu alikufa akidhani mwanawe hakuja.